Maua ya Madam Nuura

Nawajua nyinyi. Kijana akipata viza ya kwenda kutunza bustani Dubai hufurahi kama aliyepewa likizo. Anajiona keshashika mpira wa maji kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, anajipiga picha mbele ya maua, anatuma nyumbani, watu wanasema mashaallah. Haya, nendeni. Mimi nimesharudi zangu Wete. Magoti yanalia kila nikiinuka, na shingo imeungua ikawa kama ya kobe. Mkiniona nacheka msidhani nakuoneeni wivu. Nacheka kwa sababu najua kinachokusubirini, na kwa sababu nikiyakumbuka maua yaliyonifukuzisha kazi siwezi kujizuia.

Jina langu Makame, mnalijua. Kule mtaa wa Al Warqa niliitwa Mohamed, kwa kuwa mtunza bustani aliyenitangulia aliitwa Mohamed, na madam, mwenye nyumba, hakuona haja ya kujisumbua na jina jipya kwa ajili ya mtu mpya. Baadaye nikaja kuambiwa kuwa hata yule hakuwa Mohamed. Alikuwa Mhindi, jina lake Selvam. Kwa hiyo mkiitwa Mohamed msikasirike. Lichukulieni kama cheo.

Kazi yenyewe nilifundishwa na mzee mmoja wa Peshawar, Mzee Bashir, aliyekuwa akiuza miche kwenye kitalu walikonunua mimea yao wenye majumba. Mimi nilitoka Pemba najua karafuu na muhogo, nikadhani mmea ni mmea. Siku moja alileta miche pale nyumbani akanikuta namwagilia saa sita mchana, jua limesimama utosini. Akauweka mche chini taratibu, kama mtu aliyeingia nyumba yenye msiba.

"Unawapikia?" akaniuliza.

"Nawamwagilia, mzee."

"Maji yaliyolala kwenye mpira juani ni ya chai. Weka majani na sukari, unywe wewe. Mizizi unaichemsha."

Tangu hapo nikajifunza: maji ni alfajiri, na kabla hujaupeleka mpira kwenye mmea, yaache yale ya moto yamwagike kwanza mchangani. Nikajifunza kuchomeka kidole kwenye udongo kabla ya kumwagilia, maana juu unaweza kuwa mkavu kama biskuti na chini kumejaa maji. Siku hizi mtapewa mashine inayofungua maji yenyewe, na mabomba membamba yanayodondosha tone kwa tone. Nzuri sana. Nimeziona zikimwagilia mti uliokwisha kufa, kwa uaminifu, kila siku, kwa saa ileile. Kidole hakifanyi hivyo.

Lakini somo kubwa la Bashir lilikuwa la majira. Kule mwaka umepinduka. Kwetu mvua ikinyesha huota kila kitu, hata mpini wa jembe ukiusahau nje. Kule bustani inakufa wakati wa joto na kufufuka wakati wa baridi, na kati ya kifo na ufufuo kuna mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa ni mwongo. Wenyewe wanasema nyota ya Suheli imeshatoka, joto limevunjika, na asubuhi moja utasikia kweli kaupepo kamepoa shingoni. Saa nne ya asubuhi hiyohiyo unatamani kuingia kwenye friji.

"Suheli ikitoka," Bashir alikuwa akisema, "mshukuru Mungu, halafu ukae. Usipande kitu. Nyota haina haraka. Mwenye haraka ni madam."

Na madam wangu alikuwa na haraka. Madam Hessa hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Chakula tulikula, ugonjwa tulitibiwa. Ila alikuwa na maradhi yake mwenyewe, yasiyo na daktari, nayo yaliitwa jirani. Kila kiangazi alikwenda Ulaya kulikimbia joto, na kila mwezi wa tisa alirudi na simu iliyojaa picha za bustani za kule. Hata baibui hajavua anatoka nje, anatazama vile vijiti vyangu vilivyonusurika, anasema, "Mohamed, mbona hivi?"

Madam, mimi na vijiti hivi hatukwenda Ulaya. Hayo ni maneno ya moyoni. Kwa mdomo nilisema, "Inshallah, madam, mwezi wa kumi na moja."

Mwaka mmoja aliporudi, hakutazama vijiti vyangu hata kidogo. Alitazama juu ya ukuta. Upande wa pili aliishi Madam Nuura, mjane, nyumba kubwa, watoto wote wameshaoa na kuolewa. Na bustani ya Madam Nuura, mwanzoni kabisa mwa mwezi wa tisa, ilikuwa imechanua. Waridi jekundu. Waridi jeupe. Maua mengine ya zambarau yaliyoning'inia kwenye vyungu barazani kama mikufu. Saa nane mchana, wakati kunguru wanakaa kivulini wameacha midomo wazi, yale maua yalisimama wima kama askari wa gwaride.

"Ona!" Madam Hessa akanishika mkono wa shati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Ona! Ardhi moja, jua moja, ukuta mmoja. Kwa nini yake yanachanua?"

Nikasema sijui. Na kweli sikujua.

Siku ya pili yake lori lenye jokofu lilisimama mlangoni, limejaa petunia. Ni ua la baridi, laini kama shavu la mtoto. Nikampigia Bashir simu kumwambia nimeamriwa kulipanda leo. Alicheka mpaka nikasikia anakohoa, halafu mtu mwingine akachukua simu akaniuliza nimemfanya nini mzee.

Nikazipanda. Asubuhi zilipendeza, siwezi kukataa, na madam alitoka akapiga picha. Alasiri kitanda chote cha maua kilikuwa mchicha wa kuchemsha, umekosa chumvi tu.

"Umeziua," madam akasema.

"Jua, madam."

"Jua la kule ni jingine?" Akanyoosha kidole kwenye ukuta. "Yule mfanyakazi wake ni Mwafrika kama wewe. Nenda kamuulize. Nataka siri yake. Kama hakuna siri basi tatizo ni wewe, na kama ni wewe, khalas, nitatafuta mwingine."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayeagiza mkate, na ndiyo maana niliogopa. Mwenye hasira hupoa. Nilikuwa na binti chuo cha ualimu na nyumba imefika kwenye lenta. Mtu wa namna hiyo hataki kusikia neno khalas.

Mfanyakazi wa jirani alikuwa Katana, Mgiriama wa Kilifi. Kabla ya hapo alikuwa askari wa mlangoni kwenye maghorofa ya Marina, na katika elimu ya mimea alijua kutofautisha mti na majani. Tulizoea kusalimiana kupitia ukutani. Ndiyo maana maua yale yalinishangaza zaidi kuliko yalivyomshangaza madam: kama Katana anaweza kuchanuza waridi mwezi wa tisa, basi mimi niende nikauze chapati.

Nilikwenda asubuhi, jua halijapanda. Lango la nyuma lilikuwa wazi. Nikamkuta amechuchumaa kati ya mawaridi, ndoo pembeni, sponji mkononi, povu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anaosha ua. Petali moja moja, kama mtu anayeosha vikombe vya harusi.

Nikasimama. Akageuka. Tukatazamana.

"Katana," nikasema, "hiyo ni sabuni ya vyombo?"

"Mzee Makame." Alisimama haraka akaficha sponji nyuma, kana kwamba ndoo haionekani. "Haki ya Mungu, wacha nikueleze."

Hapakuwa na la kueleza. Nilishika ua. Plastiki. Nikashika la pili. Plastiki na kitambaa. Yale ya zambarau ya kuning'inia yalikuwa na waya ndani. Hata majani yalikuwa na vile vimistari vya kiwandani. Nilikaa chini kwenye ukingo wa njia nikacheka kwa mikono miwili mdomoni, maana madirisha ya madam wangu yalikuwa hapo juu tu.

"Cheka, cheka," Katana akasema. "Wewe unacheka, mimi ndiye niko na kazi. Maua ya ukweli yanaoshwa na nani? Hakuna. Haya yakishika vumbi lazima nioshe yote. Halafu jua linayachubua rangi, hilo jekundu linakuwa kama limeona mzuka. Kwa hiyo nina hii." Akatoa chini ya kichaka kopo la rangi ya kupuliza. "Kila yakififia, napiga koti moja."

"Na mpira wa maji? Nakuona kila siku unamwagilia."

"Madam amesema majirani waone maji."

Kazi nimeifanya miaka mingi, wanangu, na mambo nimeyaona. Nimeona mtende umevalishwa taa mpaka ndege wakahama. Lakini mtu mzima anayelipwa kumwagilia plastiki ili wenye pesa waoneane wivu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Katana akaacha mzaha. "Mzee, usiseme. Yeye aliniambia hii kitu ikijulikana, mimi ndiye nimeitoa. Wataniweka kwa ndege. Mke wangu amejifungua juzi, mtoto hata sijamuona ila kwa simu. Tafadhali."

Basi hapo ndipo nilipokwama. Nikisema, kazi yangu imepona na Katana anapanda ndege. Nikinyamaza, yeye amepona na mimi ndiye mbumbumbu nisiyejua kuchanuza. Nilirudi nyumbani nikamwambia Madam Hessa kwamba jirani anatumia mbolea maalumu, na kwamba yule kijana hataki kuitaja. "Sawa," akasema. "Nitaiona mwenyewe."

Kumbe alikuwa ameshaalikwa. Madam Nuura aliita kina mama wa mtaani waje kunywa gahawa na kuona bustani, alasiri, jua likianza kulegea. Madam Hessa akanibebesha sinia la halua na kuniambia niende naye. "Uweke sinia, halafu usimame kwenye bustani, utazame, ujifunze." Kwa hiyo nikaenda kujifunza plastiki.

Siku hiyo hewa ilikuwa na jasho. Ile hali ya mwezi wa tisa ambapo bahari inakufuata mpaka mlangoni, miwani inaingia ukungu ukitoka ndani, na nguo ukiianika haikauki ila inachemka. Nilipoingia tu nikamtafuta Katana kwa macho. Alikuwa amesimama kando ya mtende, uso umemshuka. Akanionyesha kwa kidevu mawaridi mekundu. Yaling'aa kupita kiasi.

"Nilipiga koti asubuhi," akaninong'oneza. "Haijakauka."

Kina mama wakatoka. Walizunguka wakisema mashaallah, mashaallah, kila mmoja na simu yake juu. Madam Nuura alitembea mbele yao taratibu, kama kiongozi wa makumbusho, akiwa amewawekea njia ya katikati, mbali na vitanda vya maua. Mgeni mmoja hakufuata njia. Alikuwa amevaa jalabia nyeupe ya hariri, akataka kupigwa picha akiwa ndani ya maua. Akaingia, akapinda kiuno, akatabasamu, akatoka. Mstari mwekundu ulianzia nyongani ukashuka mpaka kwenye pindo.

Yule mama akagusa, akatazama kidole chake, akapiga ukelele akidhani ni damu.

Sijui ni shetani gani alinisukuma. Nilipiga hatua mbele, sinia bado mkononi. "Samahani, madam! Hiyo dawa! Dawa ya wadudu. Nyekundu. Nzuri sana kwa maua, inaoshwa tu, haina neno!"

Madam Nuura akaidaka kama anayezama anavyodaka kamba. "Naam, dawa! Dawa mpya. Inatoka Uholanzi."

"Alhamdulillah," mtu akasema.

Mambo yangeishia hapo. Lakini Madam Hessa hakuwa mjinga, na maradhi yake yalikuwa yamempa macho makali. "Dawa nzuri hivyo," akaniambia polepole, "mbona kwangu hujaitia?" Akapita mbele yangu, akashika waridi moja shingoni, akavuta. Likatoka na waya wake, na chini ya waya limeshikana bonge la povu gumu la kijani.

Alilishika juu lionekane. Mmoja alianza kucheka kwenye shela yake, halafu wote.

Madam Nuura alibadilika rangi. Na hapa ndipo ninapotaka mfungue masikio, maana hii haifundishwi kitaluni. Hakuwatazama wenzake. Aligeuka akamtazama Katana.

"Umefanya nini?" akapiga kelele. "Nilikutuma maua! Nilikupa kila kitu ununue maua! Umeniletea hii?"

Katana alisimama na mikono yake mikubwa ya uaskari imening'inia, na kidoleni, nikaona, kuna alama nyekundu ya rangi. Wale kina mama wote wakaitikia kwa vichwa. Bila shaka. Ni huyu. Waliamini haraka kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini.

"Si yeye," nikasema.

Sikupanga. Nilisema kwa Kiarabu changu kibovu, kile cha kuulizia bei ya samadi. "Madam, mfanyakazi ananunua anachoambiwa. Akiambiwa osha, anaosha. Akiambiwa mwagilia, anamwagilia. Si yeye."

Hakuna aliyecheka tena. Madam Hessa alinigeukia, lile waridi la plastiki bado mkononi.

"Kumbe ulijua."

"Nilijua, madam."

"Ukanidanganya mimi kwa ajili yake." Akanitilia lile ua kwenye sinia la halua. "Kama unayapenda maua yake, basi nenda kayamwagilie. Yalla."

Kulipokucha nilikuwa nimekaa nje ya lango na begi langu, namngoja mtu wa makaratasi aje kunifutia viza. Nilijitukana kwa Kipemba safi. Binti chuoni, nyumba haina paa, na mimi nimeingia kwenye vita vya wanawake wawili na plastiki. Na jambo la kuchekesha, kama una tabia ya kucheka, ni kwamba Katana nilimuona anapita na begi lake kuelekea lango lile lile ninalotoka. Madam Hessa alikuwa amemwita jioni ileile.

"Anataka nifanye kazi kwake," Katana akasema, kama mtu aliyepigwa na nyundo. "Nikamwambia sijui maua. Akasema haidhuru."

Bila shaka haikudhuru. Alitaka mtu aliyekaa ndani ya nyumba ya jirani na ana mdomo.

Bado nimekaa pale, lango la pili likafunguka. Madam Nuura alitoka mwenyewe, bila mtumishi, macho yamevimba.

"Wewe ndiye uliyesema dawa?"

"Mimi, madam."

"Kwa nini?"

Nilikuwa sina tena cha kupoteza. "Kwa ajili ya Katana, madam. Si kwa ajili yako."

Nilidhani atanifukuza hata kwenye kivuli cha ukuta wake. Akasema, "Wewe umesema uongo mbele yao, na mbele yangu unasema kweli. Wageni wangu wote hufanya kinyume chake. Ingia."

Ndivyo tulivyobadilishwa, wanangu, kama vyungu viwili, mimi huku na Katana kule, makaratasi yakatufuata polepole. Hakuna aliyetuuliza. Mwajiri akikosana na mwenzake hukosana na wewe kwanza.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kung'oa plastiki. Magunia na magunia. Chini yake udongo ulikuwa umekufa kweli, umekauka ukawa kama sakafu ya msikiti, chepe inaruka. Madam Nuura alikaa kwenye kiti barazani akinitazama. Siku ya tatu au ya nne, bila mimi kumuuliza, alisema palikuwa na bustani ya kweli pale. Aliipanda yeye na mume wake. Kiangazi alichougua mume, yeye alilala hospitali naye miezi, na mtunza bustani wa wakati ule akaondoka. Alirudi nyumbani hana mume, na nje kuna vijiti.

"Nikasema nitaweka kitu kisichokufa," akasema.

Nilikuwa nimelicheka lile ua la kuoshwa kwa sabuni mpaka machozi yakanitoka. Niliendelea kuchimba.

Tulitia samadi, tukatia mchanga laini, tukangoja. Wakati wa baridi tukapanda petunia kama watu wote, na zikachanua kama za watu wote. Ua la kwanza lilipofunguka, Madam Nuura alitoka peku, akaliinamia, akaniuliza kwa dhati kabisa, "Hili tunaliosha na nini?"

"Hili halioshwi, madam. Hili linaachwa."

Lakini yeye alikuwa anautaka mwezi wa tisa, na mimi vilevile. Nikaenda kwa Bashir. Alikuwa ameanza kuzeeka vibaya, anakaa kwenye kiti cha plastiki anaamrisha wengine. Nikamuuliza: ni ua gani linaweza kuchanua Suheli ikitoka, bila rangi ya kopo? Akanionyesha bogenvilia. "Huyu mnyime. Kila mtu anamnywesha, anatoa majani tu kwa ulevi. Mpe kiu kidogo, aone kama anakufa, atachanua kwa hofu." Halafu akanionyesha kiua kidogo cha petali tano, cha rangi ya waridi na cheupe, nikarudi nyuma hatua nzima.

"Mzee, hilo kwetu linaota makaburini!"

"Ndiyo," akasema. "Katika jua hili nani mwingine atachanua? Aliyezoea kukaa na wafu."

Nilikipanda nikisoma kila dua niliyojifunza chuoni utotoni. Nikapanda na asumini ukutani, nikaufunika kwa wavu wa kivuli kiangazi chote, nikamwagilia alfajiri. Kwa upande wa pili wa ukuta nilikuwa nasikia Katana akihojiwa kuhusu mambo ya nyumba yetu, na mimea ikimfia. "Kidole, Katana!" nilimpigia kelele. "Ingiza kidole kwanza!" Akaja akawa mtunza bustani mzuri sana, ila kwa sauti yangu.

Na kweli, Suheli ilipotoka, vilichanua. Si vyote, asumini upande wa jua uliungua, na kipande kimoja cha vile viua kilioza kwa sababu bomba la matone lilipasuka tusijue. Lakini bogenvilia ilimwagika ukutani kama kitambaa cha harusi, na kitanda chote cha mbele kilijaa viua vya makaburini, vyeupe na vya waridi, saa nane mchana, vimesimama.

Madam Nuura aliwaita wenzake.

Walikuja wote, hata yule wa jalabia, safari hii kavaa nyeusi. Wakasimama kwenye njia. Hakuna aliyesema mashaallah. Walitabasamu, wakatazamana.

"Nzuri sana," mmoja akasema. "Safari hii wametengeneza vizuri. Umeagiza wapi?"

"Ni ya kweli," Madam Nuura akasema.

"Naam, naam. Ya kweli."

Madam Hessa hakungoja. Aliinama, akabana petali moja kwa ukucha, ikachanika, maji yakamlowesha kidole. Akakinusa kidole. "Ni ya kweli," akasema, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyesomewa hukumu. Basi kila mmoja akataka kuhakikisha. Huyu akabana, yule akachuma, mwingine akang'oa mche mzima atazame kama una waya. Niliwatazama nikiwa na mpira mkononi, na kwa mara ya kwanza nikatamani kopo la rangi. Adhana ya magharibi iliposikika walikuwa wamekinyonyoa kitanda cha mbele kama kuku wa Idi. Wakaaga, wakabusiana mashavu, wakaenda zao.

Nilidhani Madam Nuura atalia. Alisimama katikati ya njia akitazama petali zilizosambaa chini.

"Mohamed," akasema, halafu akajirekebisha. "Makame. Yatarudi?"

"Yatarudi, madam. Si muda mrefu."

"Na wao?"

"Na wao watarudi, madam. Hapo ndipo penye kazi."

Alicheka mpaka shela ikamdondoka mabegani, akaketi palepale kwenye ukingo wa njia na nguo zake nzuri, akaanza kuokota petali kwa mkono. Nikaufungua mpira, nikaacha maji ya moto yamwagike kwanza.